Uvimbe Unaosemekana Kuondoka Wenyewe

Vitabu vya udaktari wa kinywa hukimaliza kisa hiki kwa mistari michache. Mtoto huzaliwa na uso wa kawaida. Akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 7, mataya yake huanza kuvimba pande zote mbili, bila maumivu. Mashavu hujaa, macho huonekana kana kwamba yanatazama juu. Uvimbe huendelea kukua hadi karibu na ubalehe, kisha husimama, kisha hurudi nyuma. Akifika miaka 30 na kitu, uso wake huwa umekaribia kufanana na wa ndugu zake. Ugonjwa huo huitwa kerubizimu. Si saratani, na ni wa nadra mno. Kisa kimenyooka kupita kiasi. Nani alikaa miaka yote hiyo akimtazama mtoto mmoja hadi akajua mwisho wake?

Swali hilo ndilo lililonitia njiani. Mzazi anayeambiwa asubiri kwa kuwa uvimbe utaisha wenyewe anaombwa jambo kubwa. Anaombwa amwone mwanawe akibadilika sura mwaka baada ya mwaka, watoto wenzake wakimnyooshea vidole, na bado asimkimbize kwenye chumba cha upasuaji. Ushauri mzito kiasi hicho unadai ushahidi wenye uzito uleule. Nikaamua kukifuata kisa kinyumenyume, kutoka vitabu vya leo hadi taarifa ya kwanza kabisa. Taarifa hiyo iliandikwa wapi, na na nani?

Karibu waandishi wote wanaelekeza mahali pamoja: mji wa Kingston, jimbo la Ontario, nchini Kanada, mwaka 1933. Daktari mmoja wa huko alieleza habari za ndugu watatu, watoto wa familia moja, waliovimba mataya. Aliupa ugonjwa jina refu, la maradhi ya kifamilia yanayojaza taya vifuko vingi. Katika picha za eksirei, mataya ya watoto wa namna hii hayana umbo la mfupa mmoja mzima. Yana vyumba vyeupe na vyeusi vilivyobanana kama povu la sabuni, na meno yamesukumwa huku na huko. Lakini kilichonisimamisha hakikuwa maelezo hayo. Kilikuwa mahali yalipochapishwa: jarida la Marekani la saratani. Ikiwa ugonjwa huu haukuwa saratani, ulikuwa ukitafuta nini humo?

Jibu la kwanza ni jepesi. Miaka ile, uvimbe wa mfupa usiofahamika asili yake ulipelekwa kwa wale waliozoea kushughulika na uvimbe. Kipande cha taya kikiwekwa chini ya hadubini, zilionekana seli kubwa zenye viini vingi, na seli kama hizo zilijulikana katika uvimbe mwingine wa mifupa ambao madaktari waliuogopa kwa haki. Daktari aliyeogopa alikata. Kwa hiyo ndugu watatu wa Kingston waliingia katika maandishi kupitia mlango wa hofu. Je, walikuwa wa kwanza kuugua, au wa kwanza tu kuandikwa?

Nikarudi nyuma zaidi, hadi karne ya 19. Katika miaka ya 1860 mwanapatholojia mmoja wa Ujerumani aliyakusanya chini ya jina moja mafuvu yenye mifupa ya uso iliyonenepa hadi sura ikafanana na ya simba. Nilitarajia kumkuta humo mtoto wa Kingston aliyetangulia Kingston. Sikumkuta. Wataalamu waliokuja baadaye walionyesha kwamba jina lile lilifunika magonjwa kadhaa yasiyo na undugu: mifupa iliyogeuka nyuzinyuzi, ugonjwa wa mifupa wa wazee, hata mifupa iliyoharibiwa na figo mbovu. Tena fuvu ni tukio la siku moja. Halisemi lilikuwaje mwenyewe alipokuwa na miaka 5. Na kama ni kweli kwamba mfupa huu hujirekebisha, fuvu la mgonjwa aliyezeeka lingebaki na alama gani ya kumfanya mtu alihifadhi?

Njia ya pili ilikuwa ya michoro. Miaka michache baada ya taarifa ya kwanza, daktari yuleyule aliuita ugonjwa kwa jina fupi la sasa, kwa kuwafananisha watoto hao na makerubi wa wachoraji wa kale wa Ulaya, wenye mashavu manene na macho yaliyoelekea mbinguni. Nikashawishika kuuliza kama wachoraji wale waliwahi kumwona mtoto mgonjwa. Nilipoitazama michoro kwa makini, ushawishi ukaisha. Mashavu ya makerubi ni nyama laini ya mtoto aliyenona. Kwa mgonjwa ni mfupa, na macho yana sababu yake: mashavu yaliyojaa huvuta kope za chini hadi weupe wa jicho ukaonekana chini ya mboni, na uvimbe ukifika sakafu ya tundu la jicho huweza kulisukuma jicho lenyewe juu. Mfano wa daktari ulikuwa mzuri kwa kukumbukwa. Lakini unathibitisha nini?

Haukuthibitisha kitu, nami nikarudi Kingston. Hapo ndipo njia ilipofunguka. Daktari yule hakuandika mara moja akanyamaza. Aliandika 1933, akaandika tena 1938, akaandika 1950 pamoja na wenzake, na 1965 jina lake limo bado. Ni zaidi ya miaka 30. Hata vichwa vya maandishi yake vinaonyesha safari ya mawazo: taarifa ya mwanzo inazungumzia vifuko ndani ya mataya; ile ya 1965 inazungumzia jinsi ya kuutambua ugonjwa na kuutibu kwa kujizuia, bila pupa ya kisu. Aliyeandika habari za watoto alidumu hadi kuandika habari za watu wazima. Huu ndio mzizi wa ushauri wa kusubiri. Je, mzizi mmoja, katika mji mmoja, unatosha kuushikilia mti mzima?

Nikatafuta mizizi mingine. Hadi mwanzoni mwa karne hii, wagonjwa walioripotiwa duniani kote walikuwa takriban 300. Ripoti nyingi zina sura moja: mtoto analetwa, anapigwa picha, anachunguzwa, na maandishi yanaishia hapo. Msomaji hajui alivyokuwa alipooa au kuolewa. Tena ripoti huvutwa na makubwa. Mtoto aliyevimba kidogo hapelekwi kwa mtaalamu, na aliyepona bila kuonwa haingii katika hesabu. Kwa upande wa pili, mtoto aliyefanyiwa upasuaji mapema hawezi kutuambia kama angepona bila upasuaji. Kati ya makundi hayo mawili, tuna haki ya kusema nini kwa uhakika?

Tuna haki ya kusema haya. Wagonjwa waliofuatiliwa kwa muda mrefu, katika nchi mbalimbali, wanaelekea upande mmoja: kasi ya uvimbe hupungua kadiri ubalehe unavyokaribia, vifuko hujaa mfupa mpya kidogo kidogo, na uso hurudia umbo lake kwa miaka mingi. Hayo yanasimama. Lakini magego yaliyokosa nafasi ya kuota hayaoti kwa sababu ubalehe umefika. Meno ya utotoni yaliyodondoka mapema huacha mapengo. Na wapo wachache ambao uvimbe wao hubana jicho, ulimi au njia ya hewa, hao hawawezi kuambiwa wangoje miaka 30. Basi ni kwa nini simulizi fupi imeenea kuliko hii yenye masharti?

Nadhani ni kwa sababu mistari michache hunakiliwa kwa urahisi. Chukua simulizi nyingine iliyonakiliwa vivyo hivyo. Kwa miongo mingi vitabu vilisema kwamba kila mvulana anayerithi ugonjwa huu huonyesha dalili, lakini kwa wasichana ni kati ya nusu na robo tatu tu. Hesabu hiyo ilijengwa juu ya familia chache. Mtu alihesabiwa mgonjwa uso wake ulipovimba, ilhali upo ugonjwa mwepesi unaoonekana kwenye eksirei peke yake. Maandishi ya karibuni yanaelekea kusema kwamba wavulana na wasichana hupatwa sawasawa. Ni wasichana wangapi waliandikwa wazima kwa sababu tu hakuna aliyewapiga picha?

Simulizi ya tatu ndiyo iliyopoteza muda mrefu kuliko zote. Ile taarifa ya mwaka 1950 iliuweka ugonjwa huu katika ukoo wa displasia ya nyuzi, hali ambayo mfupa wenye afya hubadilishwa na tishu ya nyuzinyuzi. Ili kuupima uamuzi huo lazima turudi nyuma. Mwaka 1891 magonjwa mengi ya mifupa laini yaliingizwa katika kundi moja. Mwaka 1925, mjini Vienna, kondakta mmoja wa tramu alitolewa uvimbe wa tezi ndogo za shingoni na mifupa yake ikapata nafuu. Tangu hapo mifupa ya nyuzi ilipoonekana, macho ya madaktari yalikimbilia shingoni, na wapo wagonjwa waliopasuliwa ili kutafuta uvimbe wa tezi ambao haukuwapo. Mwaka 1938 displasia ya nyuzi ilitenganishwa ikawa ugonjwa unaojitegemea. Kwa hiyo kuuhamishia humo ugonjwa wa Kingston kulikuwa hatua mbele. Je, ilikuwa hatua ya kufika?

Nikaweka magonjwa hayo mawili bega kwa bega. Displasia ya nyuzi mara nyingi hushika upande mmoja wa uso. Kerubizimu hushika pande zote mbili. Displasia huweza kuingia mguuni au ubavuni. Kerubizimu, isipokuwa kwa nadra sana, hubaki kwenye mataya. Displasia hairithiwi, kerubizimu hupita kutoka mzazi hadi mtoto, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Displasia huweza kutulia mtu akikomaa, lakini haina desturi ya kurudi nyuma. Tofauti hizi zinaonekana kwa macho na kwa maswali ya kawaida juu ya ukoo. Ilikuwaje basi jina la pamoja likadumu takriban nusu karne?

Sababu kubwa ni hadubini. Ilikuwa imeaminiwa kuwa mwamuzi wa mwisho, na katika kesi hii haikuweza kuamua. Tishu ya kerubizimu ina nyuzi, mishipa midogo ya damu na zile seli kubwa zenye viini vingi. Picha karibu sawa na hiyo hupatikana katika uvimbe mwingine wa taya uliopewa jina lake mwaka 1953, nao huwapata vijana pia. Hupatikana tena katika mifupa inayoliwa kwa sababu tezi za shingoni zinamwaga homoni kupita kiasi. Mpe mtaalamu kipande hicho bila umri wa mgonjwa, bila eksirei, bila vipimo vya damu, hawezi kuapa ni ugonjwa gani. Ndiyo maana leo mtoto hupimwa kalisi, fosfeti na homoni ya tezi hizo kabla ya neno lolote. Kama hadubini ilishindwa, ni shahidi gani angeweza kutoa kauli?

Shahidi aliyefuata alikuwa jeni. Mwaka 1991 ilijulikana kwamba displasia ya nyuzi inayoambatana na mabaka ya ngozi na ubalehe wa mapema hutokana na badiliko katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 20, badiliko linalotokea baada ya mimba kutungwa na kushika sehemu tu ya seli za mwili. Hilo linaeleza kwa nini mzazi hampi mtoto. Mwaka 1999 watafiti waliufuatilia ugonjwa wa Kingston hadi kromosomu ya 4, na mwaka 2001 jeni yenyewe ikapatikana. Kromosomu mbili, jeni mbili, njia mbili. Ule undugu wa 1950 ukavunjika. Lakini je, ushahidi huo mpya ulifunga kila mlango?

Niliisoma hesabu ya mwaka 2001 kwa makini. Zilichunguzwa familia 15. Katika familia 12, badiliko lilikuwa ndani ya jeni ileile, na la ajabu zaidi, yote yaliangukia sehemu fupi ya protini yenye amino asidi 6 tu. Ni nadra chanzo cha ugonjwa kubanwa mahali padogo kiasi hicho. Hata hivyo, 12 si 15. Wapo pia watoto wasio na mgonjwa mwingine katika ukoo, kwa kuwa badiliko lilianzia kwao. Na yapo magonjwa mengine ya kuzaliwa nayo, ukiwamo ule uitwao Noonan, yanayoweza kuvimbisha mataya kwa sura ileile kwa kupitia jeni nyingine. Jeni ilijibu kwa familia nyingi. Zile familia tatu zilizobaki zilibeba nini?

Wakati swali hilo likiwa wazi, maabara zilishughulikia jingine: badiliko dogo hivyo linaletaje uvimbe mkubwa hivyo? Mwaka 2007 panya walipewa badiliko lile kwa makusudi, na mwaka 2011 utaratibu wake ukaelezwa. Katika mwili wenye afya, protini hii hutiwa alama na protini nyingine, kisha huondolewa. Mahali pa kushikwa ili itiwe alama ni ile sehemu ya amino asidi 6. Ikibadilika, haishikiki, haiondolewi, inarundikana. Seli zinazokula mfupa huongezeka, na seli za kinga humwaga kemikali ya kuwasha mwili. Ukiyatazama hayo, huoni seli zilizoasi na kujizalia ovyo. Unaona moto usiozimwa. Je, hiki kilichoingizwa katika jarida la saratani mwaka 1933 kilistahili kamwe kuitwa uvimbe wa mfupa?

Mimi naelekea kusema kwamba neno hilo linastahili shaka. Lakini panya nao wana la kuulizwa. Wale waliopewa badiliko kutoka kwa wazazi wote wawili waliwaka mwili mzima, si mataya peke yake. Dawa za kuzuia kemikali ile zimejaribiwa kwa watoto wachache, na mataya yao hayakupungua kama ilivyotumainiwa. Mtoto haugui kama panya anavyougua. Ana kitu gani katika taya lake ambacho mifupa yake mingine haina?

Jibu linalopendwa ni meno. Ugonjwa huanza wakati magego ya kudumu yanatengenezwa ndani ya mfupa na husimama yanapokwisha kazi. Katika miaka hiyo taya hubomolewa na kujengwa upya bila kupumzika, na kinywa kimejaa bakteria. Maelezo hayo yanapatana na tarehe za ugonjwa, nami nayaona yana nguvu. Lakini kupatana kwa tarehe si uthibitisho. Panya hana meno ya utotoni yanayong'oka na kupisha mengine, kwa hiyo hawezi kutumika kulipima wazo hili kikamilifu. Litapimwa kwa watoto gani, na mahali gani ambako watoto wenye mataya yaliyovimba huonwa kwa wingi?

Hapo njia ilinirudisha Afrika Mashariki. Hapa uvimbe wa taya kwa mtoto una historia yake. Mwaka 1957, mjini Kampala, daktari wa upasuaji alionyeshwa mtoto wa miaka 5 hivi aliyevimba pembe zote nne za mataya. Muda si mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka 1958 alichapisha habari za watoto 38. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu la pauni 250, kama kilomita 16,000 kwa wiki 10, wakipita hospitali 57 na kuuliza kila mahali kama watoto hao wameonekana. Huo ndio ugonjwa tunaouita leo limfoma ya Burkitt, nao ni saratani. Umri wa miaka 5, mataya pande zote: kwa maneno matupu, mtoto wa Kampala na mtoto wa Kingston ni mmoja. Ungewatenganisha kwa kitu gani?

Ungewatenganisha kwa kalenda. Seli za limfoma ile huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Uso hubadilika kwa wiki, meno hulegea, na mtoto asipotibiwa hufa. Akiwahi dawa, wengi hupona. Kerubizimu huhesabiwa kwa miezi na miaka. Nikageukia kumbukumbu za hospitali moja ya misheni ya Kampala, za tangu 1897 hadi 1956, zilizochambuliwa na kuchapishwa mwaka 1964. Ni hazina kubwa, na zilisaidia kuonyesha kwamba saratani za mkoa ule hazikuanza jana. Lakini daftari la wagonjwa lina udhaifu uleule wa fuvu. Linataja siku ya kufika. Halisemi uvimbe ulianza polepole kiasi gani, wala uliishaje. Ni watoto wangapi wa aina ya Kingston waliosomwa humo kama wagonjwa wa saratani, au waliorudishwa nyumbani bila jina?

Swali hilo halina jibu la tarakimu, ila lina funzo. Kerubizimu imeripotiwa kwa watu wa kila rangi. Ramani ya ugonjwa wa nadra huonyesha mahali palipo na mafaili. Haionyeshi daima mahali palipo na wagonjwa. Hospitali zetu zinaona kwa wingi zaidi uvimbe mwingine wa taya usio saratani, na mmoja wao ni ameloblastoma, unaowapata sana vijana. Huu hauondoki. Haujali ubalehe. Hukua taratibu, bila maumivu, mpaka taya zima limeliwa, na dawa yake ni upasuaji. Mzazi aliyesikia juujuu kwamba uvimbe usio saratani huisha wenyewe anaweza kumkalisha kijana wake nyumbani hadi uso umeharibika. Ni nani basi mwenye haki ya kutamka neno "subiri"?

Baada ya safari hii, naona haki hiyo ni ya aliyekwisha kuthibitisha mambo kadhaa. Amepiga eksirei ya mataya yote mawili na kuona pande zote. Amepima damu ili kuondoa shaka ya tezi za shingoni. Ameuliza habari za wazazi, ndugu na nyanya. Palipo na shaka, amekata kinyama na kukipeleka kwa mtaalamu pamoja na umri na picha za mgonjwa. Amekagua macho. Amemkabidhi mtoto kwa daktari wa meno. Hatumii mionzi kuutibu, kwa kuwa zamani mifupa isiyo na saratani ilipochomwa kwa mionzi wapo waliopata saratani miaka mingi baadaye. Na anajua lini kisu kiitwe: mapema, ikiwa jicho au pumzi iko hatarini, baada ya ukuaji kusimama, ikiwa ni kusawazisha sura. Katika orodha ndefu hivyo, mtoto mwenyewe ameulizwa nini?

Ripoti nyingi nilizosoma hazikumuuliza kitu. Mtoto yumo kama picha yenye utepe mweusi machoni. Tunaambiwa upana wa uvimbe kwa sentimita, hatuambiwi alikula vipi, alikaa na nani darasani, wala aliitwa nani na wenzake. Nayaona hayo kuwa sehemu ya ugonjwa. Miaka kumi ya kungoja ni mifupi katika jarida. Kwa anayeishi ndani ya uso ule ni utoto mzima. Daktari anayeshauri subira ana deni la kumlinda mtoto wakati wa subira hiyo, shuleni na nyumbani. Deni hilo limeandikwa katika mwongozo gani?

Nimefika mahali ninapoweza kusema ninachoamini. Simulizi kwamba uvimbe huu hurudi nyuma ni ya kweli kwa wengi, na ukweli wake hatukuupata kwa kisu, kwa hadubini wala kwa jeni. Tuliupata kwa sababu mtu aliyeandika 1933 aliandika tena 1938, 1950 na 1965. Jeni ilikuja baadaye na kueleza kilichokwisha kuonekana kwa uvumilivu. Hapa kwetu tunao madaktari, tunazo eksirei, tunayo kumbukumbu ya safari ya 1961 inayotukumbusha kwamba elimu hupatikana kwa kuuliza hospitali hadi hospitali. Tunachopungukiwa ni faili linalodumu kuliko ajira ya daktari mmoja, linalomfuata mtoto akihama wilaya, likiwa na picha zake na maneno yake mwenyewe. Mtoto atakayeletwa kliniki wiki hii akiwa na mataya yaliyovimba, ni nani atakayelifungua tena faili lake siku atakapotimiza miaka 30?